Ziara ya Quito: Tathmini ya Msafiri kutoka Mombasa

Mkaazi wa Mombasa aliyezoea joto na upepo wa bahari hana budi kukumbuka kwamba Quito, mji mkuu wa Ekuador, uko takriban mita 2,850 juu ya usawa wa bahari. Kampuni ya hapa Mombasa iliyotuandalia ziara haikulizingatia hilo, kwani siku ya pili tu ilitupandisha kwenye TelefériQo, vibehewa vya kebo vinavyopanda mlima Pichincha hadi zaidi ya mita 3,900, na wengi wetu tuliumwa na kichwa hadi usiku.

Mji wa kale, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1978, miaka 33 kabla ya Fort Jesus yetu, ndio unaostahili muda mwingi zaidi. Kanisa la La Compañía, lililoanza kujengwa mwaka 1605 na kukamilika mwaka 1765, limepambwa ndani kwa dhahabu kuanzia madhabahu hadi darini, na ukiinua macho utaona nakshi za mistari iliyosukwa kwa mtindo wa Kiislamu uliopitia Uhispania, ambazo mtu wa Pwani hatazionea ugeni.

Mnara wa Mitad del Mundo, uliojengwa kuashiria ikweta na wenye kimo cha mita 30, umesimama takriban mita 240 kusini mwa ikweta yenyewe. Aliyekwisha kufika Nanyuki, mji wa Kenya ulio kwenye ikweta, anaweza kuuruka. Mwongozaji alikuwa mjuzi na mwenye subira. Ratiba ndiyo inayohitaji kupangwa upya, mlima uachwe hadi siku ya mwisho.