Eti ni uzee wa mizabibu

Naandika hasira zikiwa bado za moto, mtanisamehe. Nyota moja. Lakini nisomeni mpaka chini, maana nikifika huko huenda nikabadilisha, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Ni kiwanda kidogo cha mvinyo, nje kidogo ya Dodoma mjini. Jina silitaji, sitafuti kesi na mtu. Wanatengeneza nyekundu tupu, chupa chache kwa mwaka, na sifa yao kubwa ni kwamba zabibu zao zinatoka kwenye mizabibu mizee. Utaisoma sifa hiyo getini, utaisoma ukutani, utaisoma kwenye lebo, halafu utaisikia mdomoni mwa kijana anayehudumia mpaka uchoke.

Nilipanda treni ya SGR kutoka Dar wikiendi moja hivi, nikampitia mjomba wangu nyumbani kwake. Mjomba ni Mgogo wa shamba, amelima zabibu tangu enzi zile zinauzwa kwenye kiwanda cha umma. Amepitia yote: salfa, mchwa, ubwiriunga (ule ukungu wa mizabibu), misimu ambayo mnunuzi haonekani na zabibu zinaozea juu ya shina. Wazo la safari hii lilikuwa langu. Nilitaka kwa mara moja maishani mzee akae kwenye kiti, amiminiwe kinywaji kinachotokana na kazi aliyoifanya maisha yake yote. Alivaa koti. Jua la Dodoma lile, saa nane mchana, na koti.

Tumefika mapokezi, kijana yuko kwenye simu. Mjomba akasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi." Kijana akainua kidole kimoja, maana yake subiri. Shikamoo hakuna. Alipomaliza kucheka na simu yake akamtazama mjomba kuanzia viatu kwenda juu, akasema, "Wanaoleta zabibu wanapita nyuma."

Nikamwambia tumekuja kuonja, nimeweka nafasi kwa simu. Akasema, "Aaa, basi subirini nje kidogo."

Tukasubiri nje kidogo, na kidogo yenyewe ilikuwa nusu saa nzima. Kusema haki, hiyo nusu saa ndiyo sehemu niliyoifurahia, kwa sababu mjomba aliingia shambani kwao bila kuomba ruhusa ya mtu. Mizabibu mizee wanayo kweli, hawadanganyi. Mashina ni manene kama mguu wa kitanda cha kamba, magome yanabanduka kama karatasi, na kila kifundo kina makovu ya kupogolewa. Mjomba alikuwa anayapapasa yale makovu kama mtu anayehesabu. Akanieleza kwamba Ulaya mzabibu unapata baridi, unapukutisha majani, unalala miezi kadhaa. Wa kwetu haulali. Ukivuna unaupogoa, unaamka, unazaa tena, kwa hiyo unavuna mara mbili kwa mwaka, Machi na tena kwenye Agosti au Septemba. "Huu umefanya kazi ya miaka miwili kila mwaka," akasema. "Hesabu mwenyewe una umri gani." Kisha akaonyesha mapengo kwenye mistari, pale mchwa walipokula shina la zamani na likachomekwa jipya. "Hawa wachanga nao wanaitwa wazee," akacheka.

Aina yenyewe ni ile nyekundu ya Makutupora, iliyobeba jina la kituo cha utafiti cha kule kaskazini ya mji. Kuhusu nani alileta zabibu Dodoma, wazee wa kwetu husimulia habari za wamisionari Wakatoliki wa Bihawana waliotaka divai ya misa. Mjomba, ambaye si Mkatoliki, huwa anasema hilo ndilo deni pekee alilonalo kwao.

Haya. Tukaitwa ndani.

Meza nzuri, glasi nzuri zenye shingo ndefu, hapo sina neno. Kijana akashusha chupa kutoka kwenye rafu iliyoko dirishani. Naomba muisome tena hiyo: dirishani, upande jua linapoingilia mchana. Chupa ilikuwa imeshafunguliwa, iko chini ya nusu, kizibo kimechomekwa nusunusu. Na pale mdomoni mwa chupa kulikuwa na vijinzi viwili, vile vidogo vya kwenye ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mjomba aliviona kabla yangu. Hakusema kitu, aliinua tu nyusi.

Tukamiminiwa. Nikaileta puani, ikanipiga. Siki! Siki halisi, ile ya kukoroga kachumbari, inayopanda mpaka kwenye macho. Rangi nayo imeshaanza kuwa kahawia pembeni. Nikamwambia kijana kwa adabu kabisa, "Kaka, hii imechacha."

Hapo sasa. Akatabasamu, tabasamu la mwalimu mwenye mwanafunzi mzito, akasema, "Hapana dada. Huo ni uzee wa mizabibu."

Nikasema hapana, ni siki.

"Ni ladha ya mizabibu mizee. Inataka mtu aliyezoea. Ninyi wa Dar mmezoea zile tamu tamu."

Mjomba akaweka glasi chini taratibu. "Mwanangu," akasema, "mzabibu ukizeeka haunuki. Unazaa kidogo tu."

Na yule mtoto, yule mtoto ambaye mjomba ana miche imemzidi umri, akamjibu: "Mzee, hii siyo pombe ya mtama."

Mimi nikasimama. Sikumbuki vizuri nilisema nini, ila watalii wawili waliokuwa meza ya pili waliacha kupiga picha. Nakumbuka nilimweleza, kwa sauti ambayo mama yangu asingeipenda, kwamba mvinyo uliofunguliwa ukaachwa na hewa kwenye joto una bakteria wanaogeuza kilevi kuwa siki, na bakteria hao hawasomi lebo, hawajui shina lina miaka mingapi. Kwamba uzee wa shina faida yake ni mizizi kwenda chini sana kutafuta maji, vichala vinakuwa vichache, na punje chache ndiyo juisi nzito. Kwamba tukianza kuita kila kilichoharibika uzee, basi hata mkate wenye ukungu tuuite mkate wa kale. Nikamwambia afungue chupa mpya.

"Chupa mpya mpaka ununue."

Nikanunua. Shilingi 45,000, naziweka mezani, kwa hasira tupu, nikiwa na nia ya kumthibitishia kuwa vyote ni takataka.

Na hapa ndipo mnapoona mtu mzima anaaibika.

Kizibo kilitoka na ule mlio wake mdogo. Ikanukia zambarau, zile zilizoiva mpaka zinadondoka zenyewe na kupaka barabara rangi. Halafu karafuu kwa mbali. Halafu kitu kama ardhi inapopata mvua ya kwanza ya Desemba. Mdomoni ina ukakasi, ndiyo, lakini ukakasi wa adabu, unakaa kwenye fizi kidogo kisha unaondoka na kukuachia utamu ambao siyo wa sukari. Nimeshakunywa mvinyo wa Afrika Kusini, nimeshakunywa wa Italia kwenye harusi za watu wenye uwezo. Huu haukuwa na haja ya kuwaamkia.

Mjomba alikunywa, akanyamaza. Akanywa tena. "Hii ni ya kiangazi," akasema. "Ya Machi mvua imeshainyeshea, inakuwa majimaji. Hii haikupata tone." Akageuza chupa kuangalia lebo, akairudisha, akavua koti.

Sasa niambieni. Nilipaswa kufurahi, si ndiyo? Hasira ndiyo ikaongezeka maradufu! Kumbe mnayo! Mnacho kitu cha namna hii humo ndani, na mnampa mgeni siki yenye nzi halafu mnamwambia hajazoea? Kama mvinyo ungekuwa mbovu wote ningewaonea huruma, ningesema ni wadogo, watajifunza. Lakini mtu aliyeivuna zabibu ile, akaikamua, akauangalia mchuzi wake mpaka ukatulia, huyo ni fundi. Na kazi ya fundi huyo imekabidhiwa kwa kijana ambaye hawezi kunusa.

Hapo nilikuwa nimeshafika nyota nne. Nne na nusu.

Kisha bili ikaja.

Chupa, 45,000, sawa. Na chini yake: kuonja, watu wawili, 30,000. Kuonja nini? Ile siki! Nikaomba kuongea na meneja, nikaambiwa meneja yuko Dar. Mimi nimetoka Dar asubuhi, meneja yuko Dar. Nikalipa, kwa sababu mjomba alinishika mkono, na mjomba huwa hashiki mtu mkono.

Ninarudi kwenye nyota moja. Ila subirini, kuna mtu mmoja sijamtaja, nikimwacha nitakuwa nimemdhulumu. Tukiwa tunatoka tulipita karibu na chumba ambako mama mmoja alikuwa anabandika lebo kwa mkono, moja moja, anaifuta kila chupa kwa kitambaa kwanza. Akamwona mjomba, akaacha kazi, akapiga goti kidogo na kumwamkia kwa Kigogo, wakaulizana ukoo, wakaulizana mvua, wakakuta wana jirani mmoja. Akatuchungulisha kwenye matangi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ile ya dirishani mmepewa? Iko pale tangu wageni wa wiki ile. Nimewaambia waimwage, wanasema mizabibu ni mizee haiharibiki."

Kwa hiyo anayejua yupo. Amewekwa kubandika lebo.

Nilinunua chupa mbili nyingine mlangoni, na nilipotoa hela nilijichukia. Moja nimeifungua juzi na majirani, ilikuwa nzuri kama ile ya kwanza, labda zaidi kidogo. Ya pili nimeilaza kabatini mbali na jua, sijui naitunzia nini. Mtu akiniuliza aende au asiende, nitamwambia aende, akae kimya, asikubali kitu chochote kutoka dirishani, na aulize kama yule mama yuko zamu. Au asiende, anunue chupa mjini. Nyota tatu. Mbili na nusu, nikimkumbuka kijana. Jamani sijui.

Kitu cha mwisho. Wakati nakusanya mkoba, mjomba alimwambia kijana, "Tumeshailipia, tupatie." Akabeba ile chupa ya siki, vijinzi na vyote, akaitia kwenye mfuko wa koti. Jana mkaza mjomba amenitumia ujumbe wa sauti: kachumbari yake imesifiwa mtaa mzima, na anauliza kama kule kiwandani wana nyingine.