Ekstensheni yenye kinga, miezi nane nikiishi na friji korofi

Aisee nimekaa na hii ekstensheni miezi nane ndo naandika, sikutaka kusifia kitu cha wiki moja. Kilichonisukuma kununua ni friji. Kila kompresa (ile mota ya friji) ikijizima unasikia "tak" jikoni na spika ya TV inajibu "pwaa", mi siku zote nalaumu umeme wa nje kumbe adui ninaye ndani, mpaka adapta ya ruta ikafa, kuifungua nakuta kapasita, kale kakopo ka kuhifadhi umeme, imevimba kichwa.

Friji gadi ninayo lakini ile inalilinda friji lenyewe, TV haiihusu. Mota yoyote, iwe ya pampu au AC, ukiikatia umeme koili yake (waya uliozungushwa ndani) inaachia nguvu iliyobaki kwa mpigo, volti zinaruka juu hata kufumba jicho hujafumba. Mara nyingi haiui kitu siku hiyo hiyo, inakitafuna pole pole. Hii ekstensheni ndani ina varista, yaani kifaa kidogo cha kinga, volti zikizidi inazimeza yenyewe kabla hazijafika kwenye TV, na yangu ina kichujio cha kelele za umeme pia, ile pwaa sasa naisikia kwa mbali sana tena usiku.

Mwanzo niliboronga, nikachomeka na friji humo humo ili nifaidi soketi zote sita, fundi akacheka, akasema unaichosha varista bure maana kila mruko wa volti inaoumeza unapunguza maisha yake. Friji ikahamia soketi yake ya ukutani. Halafu hakikisha nyumba ina ethi ya kweli, ule waya unaoingia ardhini, sio plagi ya miguu mitatu kwenye soketi isiyo na waya wa ethi.

Isichofanya: kompresa ikianza kuvuta, umeme unashuka kidogo na taa zinafifia, hapo haikusaidii kitu, haiongezi umeme.

Kinachoniudhi ni kataa ka kijani. Varista ikichoka soketi zinaendelea kutoa umeme kama kawaida ila kinga hakuna, hako kataa ndo pekee ka kukwambia, na wao wamekaweka ubavuni kadogo kama punje ya mchanga! Nimeegemeza ekstensheni ukutani kwa ubavu ili nikaone nikipita. Nyota nne, ya tano wameipoteza hapo.