Barua za vita vya Marekani tulizozisoma Mbagala: uzoefu wangu na hifadhi ya Valley of the Shadow

Nafundisha historia, na jioni nina kundi la tuisheni Mbagala, wengi wao wa kidato cha tano na cha sita. Muda mrefu nimekuwa nikitafuta kitu cha kuwapa zaidi ya notisi. Vita kwenye notisi ni tarehe, sababu na matokeo. Humo hakuna anayeumwa, hakuna anayeuliza nyumbani kama mtoto ameanza kutembea. Valley of the Shadow imenipa hicho nilichokuwa natafuta, na hapa nawaeleza walimu wenzangu, na yeyote anayetaka kuisikia vita kutoka kwa waliokuwamo, jinsi nilivyoitumia.

Ni hifadhi ya nyaraka mtandaoni, bure, iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Virginia miaka ya 1990. Inahusu Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, lakini haikujaribu kuibeba Marekani yote. Imechukua kaunti mbili tu. Moja ni Augusta, jimbo la Virginia, upande wa Kusini, ambako mwaka 1860 walikuwapo watumwa zaidi ya 5,000. Nyingine ni Franklin, jimbo la Pennsylvania, upande wa Kaskazini, ambako utumwa ulikuwa umekwisha. Miji yao mikuu, Staunton na Chambersburg, imeachana kwa kilomita zaidi ya 200, lakini yote iko katika bonde moja refu, na pande zote mbili wakulima walikuwa wakipanda ngano. Basi unasoma barua na shajara za majirani waliogeuka maadui, na unaweza kukaa na watu wale wale kabla ya vita, wakati wa vita, na baada yake.

Kilichonishika zaidi ni barua za familia mbili za watu weusi wa Franklin, Demus na Christy, zilizounganishwa na ndoa. David Demus alijiunga na Kikosi cha 54 cha Massachusetts, kikosi cha askari weusi wa jeshi la Kaskazini, na mashemeji zake nao wakawa humo. Barua nyingi zinakwenda kwa mke wake, Mary Jane. Kikosi hiki ndicho kilichotangulia kuishambulia Wagner, ngome ya jeshi la Kusini karibu na Charleston, South Carolina, tarehe 18 Julai 1863, na Demus alijeruhiwa siku hiyo. Ningetarajia barua zijae habari za mapigano. Zimejaa habari za mshahara.

Na walikuwa na haki kuusema. Waliandikishwa kwa ahadi ya malipo sawa na wazungu. Askari mzungu wa cheo cha chini alilipwa dola 13 kwa mwezi. Askari mweusi akapangiwa dola 10, na humo zikakatwa 3 za nguo, zikabaki 7. Kikosi cha 54 kilikataa kuzipokea. Jimbo la Massachusetts likajitolea kufidia pengo, nalo wakalikataa, kwa sababu walikuwa wakidai kuhesabiwa askari kamili na serikali iliyowapeleka vitani. Msimamo huo waliushikilia hadi Bunge la Marekani liliposawazisha mishahara mwezi Juni 1864. Hata hapo sheria ilitenganisha watu: malimbikizo yote tangu siku ya kuandikishwa yalikuwa ya wale tu waliokuwa huru kufikia tarehe 19 Aprili 1861, na mtu alitakiwa aape. Ofisa wao mkuu akatunga kiapo ambacho hata aliyekuwa mtumwa angeweza kukiapa bila kusema uongo: kwamba siku ile hakuna binadamu aliyekuwa na haki ya kumdai kazi bila ujira.

Maelezo kama haya utayapata kwenye vitabu. Barua zinakuonyesha kilichokuwa kikitokea nyumbani wakati huo. Mume yuko South Carolina, hana senti, mke yuko Pennsylvania anangoja. Kila barua inaahidi kwamba fedha zikitoka zitatumwa. Wanafunzi wangu wamekulia katika nyumba ambazo baba au kaka yuko mbali na simu ya hela ndiyo inayosubiriwa, hivyo hapakuwa na haja ya kuwafafanulia. Binti mmoja alisoma hadi mwisho, akasema, "Mwalimu, hawa waligoma huku wanaendelea kupigana." Sijawahi kuona mgomo ule ukielezwa vizuri zaidi.

Lazima niseme kuhusu lugha, kwa sababu wengi watakwama hapo. Kiingereza cha barua hizi kimeachwa kama kilivyoandikwa, na walioandika hawakukaa shule. Tahajia inafuata sikio, nukta hakuna, sentensi inakwenda mpaka pumzi iishe. Nilijaribu kuzipitisha kwenye programu ya kutafsiri, yakatoka maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Dawa yake ni kusoma kwa sauti, polepole, herufi kwa herufi kama tunavyosoma Kiswahili. Neno ambalo jicho linalikataa, sikio linalitambua. Vijana wanaoona haya na Kiingereza chao cha darasani ndio waliokuwa hodari kuliko wote katika kazi hii, na nawashukuru waandaaji kwa kutosahihisha hata kidogo. Barua iliyonyooshwa ingetupotezea sauti ya mtu.

Shajara ya Rachel Cormany isomeni pia, lakini iandalieni muda. Alikuwa mama mwenye mtoto mchanga Chambersburg, mume wake yuko vitani na jeshi la wapanda farasi la Kaskazini. Juni 1863, majeshi ya Kusini yalipoingia Pennsylvania kabla ya vita ya Gettysburg, aliandika alichokiona barabarani: askari wakiwasaka watu weusi, wanawake na watoto, na kuwaswaga kama ng'ombe kuwarudisha utumwani. Baadhi yao walikuwa wamezaliwa na kukulia pale pale. Tuliposoma ukurasa huo hatukuendelea na kingine jioni ile.

Sifa kubwa ya hifadhi hii ni kwamba haikuachi upande mmoja. Juni 1864 jeshi la Kaskazini liliingia Staunton, na nyumba zilichomwa katika bonde la Virginia. Tarehe 30 Julai mwaka huo huo wapanda farasi wa Kusini wakaja Chambersburg, wakadai dola 100,000 za dhahabu au 500,000 za noti, na mji usipolipa wakautia moto. Majengo zaidi ya 500 yakateketea. Mtu wa kila mji anaandika kana kwamba moto wa kwanza ni wa kwake.

Utasoma pia barua za Jedediah Hotchkiss, mchora ramani wa jenerali Stonewall Jackson. Kabla ya vita alikuwa mwalimu Augusta. Barua kwa mkewe ni za mtu mpole anayewakumbuka watoto, na mtu huyo huyo anachora ramani za jeshi linalotetea utumwa. Wanafunzi walitaka niwaambie kama ni mwema au mbaya. Niliwarudisha kwenye barua.

Upungufu upo, na chanzo chake ni historia yenyewe: watumwa wa Augusta hawasemi karibu chochote wakati wa vita. Majimbo kadhaa ya Kusini yalikuwa na sheria za kukataza watumwa wafundishwe kusoma, kwa hiyo unawakuta kwenye orodha za mali na matangazo ya magazeti, wakitajwa na waliowamiliki. Baada ya 1865 ndipo wanaanza kusikika wenyewe, katika nyaraka za ofisi ya serikali iliyoshughulikia walioachwa huru. Jambo hili liliniuma kwa namna ya pekee, mimi ninayepita Kariakoo kila siku, mtaa uliochukua jina la wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Mjini tuna Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, yenye maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Barua ya mpagazi mmoja kwa mkewe ningeithamini kuliko shaba yote ile.

Kwa matumizi: maandishi hayali bando, kwa hiyo simu ya kawaida inatosha, lakini darasani tumia karatasi. Mimi hunakili barua chache, nazipeleka steshenari, na kila kundi linapata ya kwake. Ukishamaliza barua, mtafute mwandishi kwenye sensa ya 1860, ambayo nayo imo. Hapo utaona umri wake, kazi yake na waliokuwa nyumbani kwake, na barua uliyokwisha kuisoma utaisoma upya. Usianze na majenerali. Anza na Demus, mpangilie barua zake kwa tarehe, na uziwekee pembeni tarehe za mabishano ya mshahara kule bungeni. Somo linajifundisha lenyewe kuanzia barua ya pili au ya tatu. Kidato cha pili itawashinda bila msaada. Kidato cha tano na kuendelea, wapeni bila woga.