Kamusi na riwaya za kusisimua: naangalia nini kabla sijatoa hela

Mambo vipi wadau, na wakubwa zangu mnaotazama, shikamooni. Karibuni mezani. Leo sina simu wala spika ya kufungua boksi. Nina vitabu, tena vya aina ambazo watu hawaziweki kwenye video moja: upande huu kamusi, upande huu riwaya za visa na mikasa. Nimeviweka pamoja kwa sababu maswali yenu yanakuja pamoja. Mzazi anauliza, "Mwanangu anaingia kidato cha kwanza, nimnunulie kamusi gani?" Sentensi inayofuata: "Na hadithi gani itamfanya aiache simu?" Anayeuliza ni mtu yule yule, na mimi naona anatafuta kitu kile kile. Anataka kitabu cha kuaminika. Kwenye kamusi hilo halina ubishi. Kwenye riwaya ndiko mnakonibishia, mnasema ile si ni hadithi ya kutunga tu, uaminifu wa nini? Tulieni, tutafika.

Tuanze na kamusi. Hii hapa ni Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kazi ya TUKI, ile taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, ambayo siku hizi inaitwa TATAKI. Toleo la kwanza lilitoka 1981, la pili 2004, la tatu 2013. Hii nyingine ni Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, ilitoka 2015. Kabla hujauliza bei, fungua ukurasa ule wa mbele wenye maandishi madogo uone ni toleo la mwaka gani. Kwenye meza za vitabu vilivyotumika pale Posta, kando ya Samora, unaweza kukuta la 1981 limevishwa plastiki mpya linang'aa, na muuzaji anakwambia, "Hii orijino, kaka." Hadanganyi, ni orijino. Lakini mwaka 1981 tovuti haikuwepo duniani, kwa hiyo humo usiitafute. Ukiwa mtu wa kusoma vitabu vya zamani, toleo la zamani ni mali. Kwa mtoto wa shule, hapana, mpe jipya.

Sasa jaribio langu. Ukienda dukani nenda na maneno matatu kichwani. La kwanza liwe neno la kazi yako unalolijua nje ndani: wewe fundi seremala, tafuta chombo cha useremala, wewe mvuvi, tafuta samaki. Hapo ndipo utajua kama aliyeandika alikwenda kuuliza wenye kazi au alikaa ofisini akakisia. La pili liwe neno dogo la kila siku, kama "weka" au "toka", kwa sababu maneno madogo ndiyo yenye maana nyingi, na mtunzi mvivu huwa anaonekana hapo. La tatu liwe neno unaloliona kila siku ila ukibanwa ueleze maana yake unaanza kupiga mikono hewani. Hilo la tatu ndilo linalokuonyesha kama kamusi inaeleza au inazungusha. Tuseme umefungua "huzuni" ukaambiwa ni majonzi, ukaenda "majonzi" ukaambiwa ni huzuni. Umepewa nini hapo? Umepandishwa daladala ikageuza kituo cha kwanza ikakurudisha nyumbani, na nauli wameshachukua.

Kitu kingine, na hiki wazazi wengi hakiwapiti akilini. Mtoto anakutana na neno "nyuso", anakimbilia herufi N, hapati, anafunga kitabu, anarudi kwenye simu. Neno lipo, ila liko kwenye U, kwa uso. "Meno" yako kwenye J, kwa jino. "Kupika" haipo kwenye K, iko kwenye P, na hapo chini yake ndipo utazikuta pikia, pikwa, pikisha na ndugu zao. Kwa hiyo zile kurasa za mwanzo, za namna ya kutumia kamusi, ambazo wote tunazirukaga, kaa nazo na mtoto jioni moja. Mwonyeshe na yale mabano yenye viambishi, kwamba tunda lina [li-/ya-], kwa hiyo ni tunda hili, matunda haya. Sisi watu wa Dar na "matunda hizi" zetu, mabano yale yanatuhusu kuliko watu wote.

Kati ya hizi mbili? Ukisoma au kuandika kwa ajili ya mitihani, Kiswahili Sanifu inakutosha, na walimu wengi wameizoea. Ukiwa mhariri, mtafsiri, mtu wa habari, ongeza Kamusi Kuu. Ukiwa huna hela ya yoyote, panda hadi Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ipo tangu 1967, keti, soma. Sioni aibu kusema hivyo kwenye video ya kununua vitu.

Haya, riwaya.

Naanza na mtu mmoja, Frederick Johnson. Alikuwa katibu wa kwanza wa ile kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1930, enzi za Mwingereza, na kamusi kubwa ya Kiswahili na Kiingereza iliyotoka 1939 ndiyo inabeba jina lake, ingawa mwenyewe alikuwa ameshafariki. Mtu huyo huyo ana mkono kwenye tafsiri ya Mashimo ya Mfalme Sulemani, ile hadithi ya H. Rider Haggard ya mwaka 1885, ya watu wanaotafuta almasi bara huko kusini. Mtunga kamusi na mleta hadithi za hatari, mtu mmoja. Ndiyo maana nasema meza hii si ya watu wawili tofauti.

Na ndani ya hadithi yenyewe kuna kitu kizuri. Nakuonya, hapa navujisha. Mashujaa wamebanwa, wanahitaji muujiza ili wenyeji wawaamini. Kinachowaokoa si bunduki. Mmoja wao ana almanaka mfukoni, kile kitabu cha tarehe za miezi na kupatwa kwa jua. Anafungua, anaona kesho yake jua litapatwa, wanatangaza kwamba watalizima jua. Kitabu cha rejea kinaokoa roho za watu katikati ya riwaya! Mpenzi wa kamusi akisoma pale anasimama kwenye kiti.

Sasa shida iko hapa. Usiku wa kuamkia tukio hilo, Haggard ameweka mbalamwezi kamili. Jamani. Jua hupatwa mwezi unapokuwa umepotea angani, zile siku za mwisho kabla haujaandama. Kati ya hapo na mbalamwezi kamili kuna karibu wiki mbili. Halafu giza lake linadumu muda mrefu, watu wanatembea humo wanatoroka, wakati jua likipatwa lote giza lake halifiki hata dakika nane. Mtu yeyote wa pwani yetu anayehesabu mwezi kwa ajili ya Ramadhani angemshika shati mwandishi hapo hapo. Na hakika matoleo ya baadaye yalibadilishwa, ukawekwa usiku wa kupatwa kwa mwezi, ambao ndio unaokubaliana na mbalamwezi.

Kuna watu wananiambia, kaka, mambo ya almasi na wachawi unayakubali, halafu unagombana na mwezi? Ndiyo. Nagombana na mwezi. Mwandishi akinipa mchawi, nampokea, kwa sababu mchawi ni wake. Mwezi si wake. Mwezi, bahari, umbali wa kutoka hapa mpaka Bagamoyo, hivyo ni vyetu sote, na hivyo ndivyo anavyovitumia kunifanya nimwamini mchawi. Akivichezea hivyo, mchawi naye anaanguka.

Nina majaribio yangu ya Kibongo. Nikikuta riwaya ya jahazi, naangalia upepo kabla ya kuangalia jambazi. Kaskazi inavuma kuanzia mwisho wa mwaka mpaka Machi hivi, inatokea kaskazini mashariki. Kusi inashika baada ya hapo, inatokea kusini. Shujaa akitweka tanga Unguja mwezi Januari na kesho asubuhi yuko Lamu, anacheka, hana hata jasho, basi mwandishi hajawahi kumuuliza nahodha. Upepo ungekuwa unampiga usoni njia nzima. Na tena huo ndio mkasa wenyewe! Kaskazi inayokataa ni adui mzuri kuliko majambazi kumi, na mwandishi amemwacha pwani. Maji nayo hivyo hivyo. Pwani hii ya Dar, siku za bamvua, maji yanapanda na kushuka kama mita tatu. Wale wa Kigamboni na Kunduchi mnajua, asubuhi mtumbwi unaelea, mchana umelala ubavu kwenye tope. Sasa mtu anatoroka na boti saa yoyote anayotaka, ufukwe wowote. Mzee mmoja pale Feri, msomaji mkubwa kuliko mimi, kitabu cha namna hiyo huwa anakirudisha kwa mwenyewe bila kukimaliza, anasema, "Hilo boti linatembea na magurudumu?"

Robert Louis Stevenson aliijua kazi hii. Ile hadithi yake maarufu ya kisiwa chenye hazina, iliyotoka kitabu 1883, ilianza na ramani: alichora kisiwa kwanza, hadithi ikafuata. Halafu ramani ikapotea ilipotumwa kwa mchapishaji, ikabidi arudi kwenye maandishi yake mwenyewe, atafute kila mlima na kila ghuba ilipotajwa, achore upya. Ikawezekana, kwa sababu maandishi yenyewe yalikuwa yameshika ramani. Jaribuni hilo na riwaya yoyote mliyonayo nyumbani. Chukua karatasi, chora nyumba, barabara, gereji, mahali maiti ilipokutwa. Ukishindwa kufika ukurasa wa 50 bila mlango kuhama, umeshajua.

Tuje kwetu. Huyu ni Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar, Mzimu wa Watu wa Kale, 1960, na mpelelezi wake Bwana Msa mwenye kiko. Nawaambia ukweli, kwa kijana aliyezoea video za sekunde thelathini, Bwana Msa anaweza kumchosha. Watu wanakaa, wanaongea, wanaongea tena. Ila mzee huyu anakupa vitu vyote mezani. Alichokiona Bwana Msa umekiona na wewe. Yeye amefikiri, wewe ulikuwa unakimbilia ukurasa unaofuata. Hiyo kwangu ni heshima kwa msomaji. Na Kiswahili chake, hapo kamusi yako iweke karibu, utaihitaji na utafurahi kuihitaji.

Na huyu hapa ni Willy Gamba, wa Elvis Musiba, Kufa na Kupona, 1974. Hapa hakuna kukaa. Ukianza umeanza, mwendokasi utapita kituo chako, utashukia Kimara ulikuwa unaenda Manzese. Wanawake wa humo ni warembo kupita kiasi na hawapewi kazi ya maana, hilo nalisema wazi. Lakini tazameni mwaka. Mwaka 1974 Msumbiji na Angola bado ziko chini ya Mreno, na Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, makao yake yako hapa hapa Dar es Salaam tangu 1963. Wapigania uhuru ni watu unaopishana nao mjini. Kwa hiyo Musiba alipoandika siri za wapigania uhuru zimeibwa na Willy Gamba katumwa Nairobi kuzifuata, msomaji wa Kariakoo hakuhitaji kubembelezwa aamini kwamba kuna hatari. Hatari ilikuwa mtaani kwake. Kijana wa leo anasoma anaona bunduki na magari tu. Mwambieni hayo kabla hajaanza, kitabu kitabadilika mkononi mwake. Wengi waliomwiga Musiba walichukua bunduki na magari, kamati wakaiacha.

Nimalizie na mambo ya mkono, maana hii ni video ya bidhaa. Kamusi inafunguliwa kila siku, kwa hiyo angalia mgongo: ilale wazi mezani bila kujifunga, na ukichungulia juu ya mgongo uone mafungu ya karatasi yameshonwa kwa uzi. Ya gundi tupu, na joto letu hili, mgongo unakauka, unapasuka, kurasa zinaanza kuhama. Riwaya ya gundi sina neno nayo, utaisoma mara mbili utampa jirani. Ila ukinunua iliyotumika, kwenye zile meza za Posta, kumbuka karatasi za kitabu hukunjwa kwa mafungu, mara nyingi kurasa 16 au 32, na likikosekana linakosekana fungu zima. Kwa hiyo pitisha kidole kwenye namba za kurasa, hasa mwishoni, hasa kama ni ya upelelezi. Angalia namba tu, kaka. Usisome.