Taarab asilia: rekodi ipi uinunue kwanza

Ukumbini bashraf, yaani taarab ya ala tupu, ndiyo inayopigwa wakati watu bado wanatafuta viti. Hakuna mwimbaji, kwa hiyo hakuna wa kutuzwa, na soga zinaendelea kama kawaida. Mimi naiweka namba moja, na najua nitabishiwa.

1. Bashraf, Culture Musical Club (Dizim, 2000). Albamu nzima ni ala tupu. Bashraf asili yake ni kwa Waturuki, ikaja kwetu kwa njia ya Misri, na ina mzunguko wake: kila sehemu mpya ikimalizika, kipande kile kile kinarudi. Kikamate hicho, mengine yatajipanga yenyewe. Vaa spika za masikioni, fuatilia ala ya kanuni peke yake (ina nyuzi zaidi ya 70, na bado watu hawaisikii!), kisha rudia wimbo ule ule ukifuata fidla. Sikio likishazoea kazi hii, nyimbo za kuimbwa nazo utazisikia upya.

2. Mtindo wa Mombasa, Zein l'Abdin (GlobeStyle, 1990). Hapa hakuna okestra kubwa, ni udi na kikundi kidogo. Zein alikuwa mtu wa Lamu, na aliimba sana mashairi ya Ahmed Sheikh Nabhany, kwa hiyo usitarajie kuelewa kila neno mara ya kwanza. Anayependa ushairi kuliko ngoma aanze na hii, aiache namba moja yangu.

3. Poetry and Languid Charm (Topic, 2007). Ni mkusanyo wa miaka ya 1920 hadi 1950, zama za sahani za santuri ambazo mwimbaji Siti binti Saad alizifungulia njia alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Upande mmoja wa sahani ulibeba kama dakika 3 tu, basi shairi refu lilikatwa. Mikwaruzo ipo. Ivumilie, maana ukiona mahali wanauza rekodi za zama hizo "zilizosafishwa" mpaka kimya, mara nyingi na mlio wa udi umekwenda na uchafu.

4. Zanzibara 10 (Buda Musique). Mombasa na Tanga, 1970 hadi 1990, gitaa na besi za vikundi vya Black Star na Lucky Star. Kama ni asilia au la, bishaneni wenyewe. Mimi naisikiliza nikipika.

Anayetaka sauti za Unguja na okestra kamili achukue Zanzibara 1 ya Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa 1905.

Ukinunua CD ya mtumba, uliza kwanza kama kijitabu chake kimo. Flashi za mtaani ni rahisi, lakini nyingi zimeandikwa "Taarab ya zamani 07" na hutajua nani anaimba wala nani kapiga udi. Ukiona kinanda cha umeme kinaiga fidla dakika ya kwanza tu, mrudishie mwenyewe.