Kupima mzio katika kliniki moja ya Tanga: maswali kwanza, tone na sindano baadaye

Tunaishi Muheza, lakini mkasa ulianzia Chumbageni kwa bibi yake mwanangu, ambako mtoto huyo wa miaka 9 alivimba midomo na kutokwa na mabaka ya kuwasha shingoni mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na mara zote mbili chakula kilikuwa wali wa nazi na kamba wa kutoka soko la samaki la Deep Sea.

Kabla ya kufika kwenye kliniki ninayoieleza hapa, tulikwenda katika maabara moja iliyomtoa damu na kutukabidhi orodha ya vyakula zaidi ya ishirini vya kuepuka, yakiwemo mayai, maziwa na ngano, vitu ambavyo amevila tangu utotoni bila kudhurika. Kwa wiki sita nilimnyima mayai, na bado linaniuma. Daktari wa kliniki alipoiona karatasi ile alinieleza kwa upole kwamba kilichopimwa ni IgG, kingamwili ambazo mtu mwenye afya huwa nazo kwa sababu tu amekizoea chakula fulani, ilhali mzio wa ghafla kama wa mwanangu huhusiana na IgE, aina nyingine ya kingamwili.

Kilichonifanya niisifu kliniki hii ni kwamba karibu nusu saa ya kwanza ilipita kwa maswali matupu. Alikula kamba wangapi? Midomo ilianza kuvimba baada ya dakika ngapi? Alikuwa ametoka kucheza mpira? Amemeza dawa gani siku hiyo? Usiku anakohoa? Nani katika ukoo ana pumu? Hakuna kifaa kilichoguswa kabla majibu yote hayajaandikwa.

Ndipo muuguzi akamwambia, "Nyoosha mkono, baba," akachora namba kwa kalamu kwenye ngozi ya ndani ya mkono, akadondosha tone moja kando ya kila namba, kisha akachoma kidogo katikati ya kila tone kwa ncha fupi isiyotoa damu. Matone mengi yalikuwa ya vitu vilivyoshukiwa, kama kamba na mayai, lakini moja lilikuwa maji ya chumvi, ambayo hayatakiwi kuleta uvimbe, na jingine histamini, kemikali ambayo mwili huimwaga wakati wa mzio, ambayo lazima ivimbishe ili kipimo kiaminike. Niliona pia kwamba sindano ya adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, ilikuwa tayari mezani kabla ya tone la kwanza, nami nikatulia.

Baada ya dakika 15 uvimbe ulipimwa kwa rula: kamba milimita 7, utitiri wa vumbi (vijidudu vya kwenye vumbi la nyumbani) milimita 4, mayai na maziwa hakuna kitu, maji ya chumvi hakuna kitu. Uvimbe unaozidi ule wa maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi huhesabiwa kuwa ni jibu chanya, kwa hiyo nilidhani tumepata mizio miwili. Daktari alinisahihisha. Jibu chanya huonyesha kwamba mwili umekitambua kitu, wala halitoshi peke yake kusema mtu ana mzio nacho. Tena kamba na utitiri wa vumbi wana protini inayofanana, tropomayosini, hivyo mwili huweza kuwachanganya, na mwanangu hapigi chafya wala hakohoi usiku. Alichoandika ni mzio wa kamba tu, akatuagiza tuepuke pia kaa na kambamti. Samaki na pweza, ambao mtoto amekuwa akiwala salama, aendelee nao, na mayai yarudi mezani. Alituelekeza pia kwamba akila kamba kwa bahati mbaya kisha akapumua kwa shida, akatapika au akalegea, tukimbilie hospitali bila kusubiri kidonge cha mzio kifanye kazi.

Nina malalamiko mawili. Safari yetu ya kwanza ilipotea bure kwa sababu aliyetupangia miadi kwa simu hakutuambia tusimamishe piritoni, kidonge cha mzio kinachozuia kazi ya histamini. Mtoto alikuwa amemeza kidonge usiku uliotangulia, tone la histamini likakataa kuvimba, tukarudishwa nyumbani tukae wiki nzima bila dawa hiyo. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi si kitu cha kudharau, na maelezo ya dakika moja kwenye simu yangetosha. Asiyeweza kuacha dawa hizo anaweza kupimwa IgE kwenye damu, maana kipimo hicho hakiathiriwi nazo. Hilo nalo tulilijua baadaye.

La pili ni karatasi ya majibu, ambayo yote imeandikwa kwa Kiingereza, ilhali wanaompakulia mwanangu chakula ni bibi yake na mpishi wa shule. Nilikaa na daktari dakika kumi za ziada, naye kwa hiari yake akanitafsiria mstari kwa mstari nikaandika nyuma ya karatasi kwa mkono wangu, na nakala ya upande huo ndiyo iliyobandikwa sasa jikoni Chumbageni.