Mafunzo ya siku tano ya mhGAP kwa wauguzi: nenda, lakini uliza kwanza ni nani atakayekufuata kituoni

Wauguzi wenzangu wananiuliza kama inafaa kuomba ruhusa ya wiki nzima kazini kwa ajili ya mafunzo ya mhGAP, yaani ya kuwatibu wenye magonjwa ya akili. Inafaa, tena sana, ila kuna jambo moja la kuuliza kabla hujatia sahihi fomu, nami nitalifikia. Ninafanya kazi katika zahanati ya mashambani kaunti ya Kilifi. Kwetu muuguzi ndiye anayezalisha, ndiye anayechanja watoto na kupima presha, na ndiye anayeletewa kijana aliyefungwa kamba kwa kuwa amekesha akipiga kelele. Daktari wa magonjwa ya akili hatumwoni. Naandika kwa yule aliye mahali kama hapo.

mhGAP ni mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanzishwa 2008, wenye lengo la kumwezesha mhudumu wa kawaida kutibu magonjwa ya akili na kifafa palepale alipo. Mwongozo wake wa kwanza ulitoka 2010, ukaboreshwa 2016, na vitabu vya kufundishia vikafuata 2017. Sisi tulipewa toleo la 2016. Lina moduli za sonona, saikosisi (mtu kusikia au kuamini yasiyokuwepo), kifafa, matatizo ya watoto na vijana, kupoteza kumbukumbu uzeeni, pombe na dawa za kulevya, kujidhuru na kujiua, kisha moja ya malalamiko mengine yasiyoingia kwenye hizo. Kila moduli inakwenda kwa hatua tatu: tathmini, tiba, ufuatiliaji. Unauliza swali, mgonjwa anajibu ndiyo au la, mshale unakupeleka kwenye swali linalofuata.

Chati ya sonona ndiyo iliyonifanya nikipende kitabu hiki. Inaanza na huzuni isiyoisha au kukosa hamu ya mambo mtu aliyokuwa akiyapenda, kwa wiki mbili au zaidi. Hapo wengi wetu tungeshaandika ugonjwa kwenye kadi. Chati haikuruhusu. Inakuuliza: je, damu ni pungufu? Lishe ikoje? Tezi ya shingo? Kuna dawa au kileo kinachoweza kumfanya awe hivi? Mama aliyezaa watoto watatu kwa kufuatana, anayelima na kuchota maji, akikwambia hana nguvu wala hamu ya chochote, anaweza kuwa na upungufu mkubwa wa damu, na vidonge vya madini ya chuma ndivyo vitakavyomfaa kwanza. Kisha inakutaka uulize kama amewahi kupitia kipindi cha furaha iliyopita kiasi, kukesha bila usingizi na kutumia pesa ovyo, kwa sababu mtu wa aina hiyo ukimpa dawa ya sonona peke yake unaweza kumtibua zaidi. Halafu inauliza kama amefiwa ndani ya miezi sita iliyopita. Kwa hiyo mwenye msiba mchanga hakimbiliwi kwa vidonge. Huo ni uuguzi wa heshima.

Ufundishaji ulikuwa na siku nzuri na siku mbaya. Siku ya tatu, siku ya moduli ya kujiua, ingetosha kunipeleka hata kama nyingine zote zingekuwa mbovu. Mwalimu wetu alikuwa muuguzi wa magonjwa ya akili wa miaka mingi, mama mwenye sauti ya chini ambaye ukumbi mzima ulinyamaza kumsikiliza. Tulifanya mazoezi wawili wawili. Kijana mmoja wa kituo cha jirani aliigiza muuguzi, mwenzake akaigiza mjane. Wakafika kwenye swali lenyewe, kijana akasema, "Mama, hujapata yale mawazo mabaya, sivyo?"

Mwalimu akamsimamisha. Akatueleza kwamba swali lililoulizwa hivyo linamwelekeza mgonjwa ajibu hapana, nawe utaridhika naye atarudi nyumbani na siri yake. Akamtaka aulize tena, kwa maneno ya wazi, akimtazama usoni. Kijana akauliza, "Mama, umewahi kufikiria kujiua?" lakini macho yalikuwa sakafuni. Akarudishwa. Akauliza tena. Tulikaa pale hadi swali likamtoka kwa sauti ileile ambayo angemuuliza mtu ameanza kukohoa lini. Baada ya hapo tuliambiwa tuulize kwa Kigiriama, kwa sababu wazee wengi tunaowahudumia wakizidiwa hurudi kwenye lugha yao.

Mwongozo unasema wazi kuwa kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Jambo hili kila muuguzi nchini analihitaji, kwa kuwa kwa miaka mingi tulikuwa na hofu mbili: hofu ya kumchochea mgonjwa, na hofu ya sheria. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na familia zilikuwa zikitudanganya kwamba mtoto alikunywa sumu kwa bahati mbaya ili asiishie kituo cha polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Muuguzi anayefundishwa sasa amwambie hivyo mgonjwa na jamaa zake, tena kabla hawajaulizwa lolote.

Baada ya kuuliza, chati inakupa kazi za mikono: usimwache peke yake, ondoa vitu vya hatari, mtafute mtu anayemwamini, panga siku ya kumwona tena. Vitu vya hatari kwetu ni sumu ya panya na dawa ya kunyunyizia mikorosho, na mara nyingi hukaa chini ya kitanda alicholalia mgonjwa mwenyewe. Mwalimu alitufundisha tusiseme "ondoeni sumu" tukaishia hapo. Tumuulize mwana au mke: iko wapi sasa hivi, nani ataitoa leo, ataipeleka kwa nani?

Nimeona matunda yake kituoni. Kuna mama wa makamo aliyekuwa akija na kadi iliyojaa dawa za maumivu na za tumbo: leo mgongo, wiki ijayo moyo kwenda mbio, kisha kichwa. Nilipomaliza kupima presha nikaweka kalamu chini, nikamuuliza usingizi wake ukoje. Akanitazama kwa muda, akasema, "Sista, nalala saa ngapi? Usiku wote namwaza mwanangu." Tulizungumza hadi mhudumu wa jamii akachungulia mlangoni kuona kama kuna tatizo. Maumivu yale yalikuwa ya kweli, na chanzo chake hakikuwahi kuguswa na kidonge hata kimoja kati ya vile vyote.

Sasa dawa. Kwa sonona mwongozo unakufundisha kuanza amitriptilini miligramu 25 usiku na kupandisha polepole, au fluoksetini kwa dozi ndogo. Somo zuri kuliko dozi ni lile la maneno unayomwambia mgonjwa: kwamba mdomo utakauka na usingizi utakuja mapema, kwamba nafuu itachukua wiki kadhaa, na kwamba akipona ataendelea na dawa kati ya miezi 9 na 12. Asiyeambiwa hayo huacha wiki ya pili, kwa sababu ameona madhara kabla ya faida. Ila tukirudi vituoni, wengi wetu tunafungua kabati na kukuta dawa moja kati ya zote tulizofundishwa, au hakuna. Waandaaji wa mafunzo wangewaita wasimamizi wa dawa wa kaunti ndogo wakae nasi hata siku moja. Hawakuitwa.

Mapungufu mengine nitayapita haraka. Moduli ya watoto na vijana ilisukumwa alasiri ya siku ya mwisho, watu wakiwa wameshafunga mabegi. Wasiwasi uliopita kiasi hauna moduli yake katika toleo la 2016, ilhali ni shida tunayokutana nayo kila siku. Miongozo iliyosasishwa ya 2023 imeipa nafasi yake, kwa hiyo mratibu aulizwe anafundisha lipi. Kitabu ni cha Kiingereza, na kazi ya kukigeuza kuwa mazungumzo na mgonjwa inabaki kwa mwalimu. Ukipata mwalimu kama wetu, umebahatika.

Nimefika kwenye lile jambo la kuuliza. Nilisoma utafiti uliofanywa hapa Kenya na Rachel Jenkins na wenzake, uliochapishwa 2013. Wahudumu wa vituo vya Nyanza walipewa mafunzo ya afya ya akili ya wiki moja, wakalinganishwa na wa vituo ambavyo havijafundishwa. Wagonjwa wa waliofundishwa walipata nafuu zaidi kiafya na kimaisha. Hata hivyo, uwezo wa wahudumu kuwatambua wenye matatizo ya akili haukuongezeka. Nimelifikiria sana hilo, na kwa maoni yangu linaendana na ninayoyaona: wiki moja inatosha kumbadilisha muuguzi namna anavyozungumza na mtu, lakini haitoshi kumpa jicho la kumwona mgonjwa aliyejificha nyuma ya maumivu ya mgongo. Jicho hilo hujengwa na mtu anayekaa nawe chumbani, akisikiliza, kisha mgonjwa akishatoka akakwambia, "Yule wa pili, kwa nini hukumuuliza kuhusu pombe?"

Hapa Kilifi tuna ushahidi wa karibu zaidi. Watafiti walichukua watu 738 wenye kifafa, baadhi wakapewa elimu kuhusu ugonjwa wao na dawa, wengine wakangoja. Matokeo yalichapishwa 2014. Imani kwamba kifafa ni pepo au kurogwa zilipungua kwa waliofundishwa, na mitazamo yao ikawa bora. Lakini damu ilipopimwa kuona kama dawa zinamezwa, hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Ninawajua wagonjwa wa aina hiyo. Wanajua kabisa kwamba kifafa kinatibika, wala si wabishi. Wanachokosa ni nauli ya kufika kliniki, au wanafika na kuambiwa dawa zimekwisha, au hakuna aliyewatembelea nyumbani kuwakumbusha. Elimu ilifanya kazi yake, na kazi iliyobaki haikuwa ya elimu.

Tazama huduma zilizofanikiwa. Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza 2006 kuwatumia kina bibi wa mitaani Harare kuzungumza na wenye sonona kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti wao wa 2016 katika zahanati 24, wenye washiriki 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona ni asilimia 13.7 kwa waliokaa na kina bibi, dhidi ya karibu 50 kwa waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Nairobi, wahudumu wa jamii waliwapa wanawake waliopitia ukatili vikao vitano vya PM+, mazungumzo ya kumsaidia mtu kukabili shida zake, na matokeo ya 2017 yalikuwa mazuri kuliko ya huduma ya kawaida. Bibi wa Harare hajasoma uuguzi, na mhudumu wa jamii wa Nairobi vilevile. Walichokuwa nacho, na ambacho muuguzi mwenye diploma hana akirudi zahanati Jumatatu, ni msimamizi anayekutana nao mara kwa mara kusikia kesi zao.

Msimamizi huyo pia ndiye wa kumsikiliza muuguzi mwenyewe. Ukianza kuwauliza watu maswali haya watakujibu, na majibu yao utakwenda nayo nyumbani. Wiki ambayo nimesikia habari za mtoto aliyebakwa, na za baba mwingine aliyejinyonga, nahitaji kumweleza mtu anayeielewa kazi hii. Mafunzo yetu yalikuwa na maneno machache mazuri kuhusu kujitunza, basi.

Kwa hiyo, mpigie simu mratibu kabla hujajaza fomu, umuulize: baada ya cheti, ni nani atakuja kituoni kwangu, atakuja lini, na nauli yake iko kwenye bajeti ya nani? Akiwa na jibu, nenda bila kusita. Akikosa, nenda vilevile, lakini siku ya kwanza chukua namba ya muuguzi wa magonjwa ya akili wa kaunti ndogo yako na mkubaliane siku ya kupitia kesi pamoja kila mwezi, hata kwa simu. Sisi tunafanya hivyo, wauguzi wa zahanati kadhaa kwa pamoja, bila kutaja majina ya wagonjwa. Mwongozo wenyewe ni bure kwenye tovuti ya Shirika la Afya Duniani. Zipige chapa chati za sonona, kifafa na kujidhuru kwenye karatasi kubwa uzibandike ndani ya mlango wa kabati, maana kwenye simu maandishi ni madogo na mgonjwa akiona unachezea simu anaacha kuzungumza.